Sura ya Tisa: Majani ya Ansab

"Hii mara ya nne naambiwa nikubali," Paulina alisema. "Na mara ya nne nawajibu: sijamtilia bibi sumu. Ukitaka ya tano, afande, uliza. Mimi sichoki."

Luteni Hajar Amur hakuuliza ya tano. Tatu za mwanzo zilikuwa za wenzake wa zamu ya jana, waliomhoji kupitia mkalimani mwenye Kiswahili cha kuokoteza, na maelezo waliyoyaandika hayakuwa na kichwa wala miguu. Saa mbili asubuhi ya Alhamisi hii Kapteni Badr alimsukumia yeye faili kwa sababu moja tu: katika kituo kizima ndiye pekee aliyelelewa na bibi wa Unguja. "Saa nane mchana liwe kwa mwendesha mashtaka," alimwambia. "Kesi imejifunga yenyewe." Hajar alizichukia kesi zinazojifunga zenyewe, na hakuwahi kulificha hilo kwa mtu.

Mambo yalikuwa hivi. Juzi, Jumanne alasiri, huko Mawaleh, mtaa mmoja wa mji huu wa Waarabu, bibi wa miaka sabini na nne aitwaye Mwanakheri alikunywa gilasi ya sanamaki. Ramadhani ilikuwa imebakisha wiki moja, na bibi wa Kizanzibari anayejiheshimu hauanzi mfungo kabla hajasafisha tumbo kwa majani hayo. Lakini badala ya kwenda msalani na kurudi, Bi Mwanakheri alitapika mpaka akalegea, midomo ikamfa ganzi, pumzi zikawa za kuhesabu. Paulina, mtumishi wa nyumba ile, mtu wa Iramba kule Singida, ndiye aliyembeba mpaka kwenye teksi na kumkimbiza hospitali. Ndiye pia aliyemwambia daktari kwamba ile si sanamaki, ni ndugu wa utupa, mmea wanaoutumia kwao kuulia kupe na kuvulia samaki. Daktari akajua pa kuanzia, bibi akanusurika. Kisha Hatem, mtoto wa kiume wa bibi, akauliza swali ambalo zamu nzima ya jana ililipenda: mtumishi kaijuaje sumu, kama si yeye aliyeitia?

"Nieleze huo utupa," Hajar alisema.

"Si nilieleza? Ndiyo maana niko hapa." Paulina aliweka viwiko vyote viwili juu ya meza, kama mtu aliyefika dukani na ana shida na mwenye duka. "Baba alikuwa anauponda anaogeshea ng'ombe. Wavuvi wa Kitangiri walikuwa wanautia majini, samaki wanaelea matumbo juu. Kila mtoto kwetu anaambiwa asiutie mdomoni. Sasa niambie wewe uliyesoma. Nikisema naujua, naitwa muuaji. Ningenyamaza, bibi angekufa, na bado ningeitwa muuaji. Nichague lipi?"

Hajar alifungua ukurasa mpya. "Uliyaona wapi majani?"

"Juu, tunakoanika nguo. Jumanne asubuhi. Bibi alikuwa na ungo anayachambua. Nikamwambia, bibi, mbona hii siyo sanamaki? Akanifukuza. Akasema alikuwa anakunywa sanamaki kabla mama yangu hajazaliwa."

"Nani aliyachuma?"

"Sijui. Mimi tangu nirudi kanisani Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, sikuvuka geti mpaka nilipombeba bibi."

"Nani aliyapika?"

"Maji nilichemsha mimi. Kifuko alitumbukiza mwenyewe."

Hajar aliacha kuandika. "Kifuko gani?"

"Kile cha kitambaa. Si nilikipeleka hospitali? Nilikitoa kwenye birika nikakitia kwenye nailoni, nikampa nesi mkononi."

Hajar alipekua faili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mlikuwa na picha ya birika, picha ya gilasi, picha ya sanduku la Paulina likiwa wazi nguo zimetapakaa. Kifuko hakimo.

"Hawakuniuliza," Paulina alisema.

Hasira zilimpanda Hajar hadi masikioni. Muuaji gani huyo anayeichukua sumu yake kwa mkono wake mwenyewe akaikabidhi kwa nesi? Aliinama akatoa kwenye sanduku la vielelezo mfuko mdogo wa plastiki, ndani yake mna unga wa kijani uliopauka. Hicho ndicho kielelezo namba moja, kilichotoka ndani ya sanduku la mtuhumiwa, kilichomfanya Kapteni Badr alale usingizi mzuri jana.

"Na hii?"

Paulina aliutazama mfuko, akamtazama Hajar, kisha akacheka kicheko cha kweli mpaka askari wa mlangoni akachungulia.

"Afande, hiyo ni mlenda!"

"Mlenda?"

"Mboga! Mama alinitumia. Majani yanakaushwa, yanatwangwa. Mmeifunga mboga yangu kwa lakiri?"

Hajar aliagiza kikombe cha maji ya moto. Alimimina kijiko kimoja cha unga ule, akakoroga kwa dakika moja, akainua kijiko. Uzi mrefu wa ute ukaning'inia kutoka kijikoni hadi kikombeni, ukakataa kukatika. Alikibeba kikombe hivyohivyo hadi ofisini kwa Kapteni Badr na kukiweka juu ya faili lake.

"Nini hiki?" Badr aliuliza kwa Kiarabu.

"Kielelezo namba moja. Ni mboga."

"Una hakika?"

"Onja."

Badr alikisogeza kikombe mbali kwa ncha ya kalamu. "Mboga au si mboga, aliyeijua sumu ni yeye peke yake. Hatem amemnyima likizo mpaka baada ya Idi, wamegombana, majirani wamesikia. Sababu ipo, nafasi ipo. Saa nane, Hajar."

"Saa nane," Hajar alisema, akachukua ufunguo wa gari.

*

Hospitali, Bi Mwanakheri alikuwa amelala, mke wa Hatem kando yake. Muuguzi alikwenda kwenye friji akarudi na nailoni iliyoandikwa jina la mgonjwa na tarehe, na uso wake ulionyesha kwamba alishangaa siku mbili nzima kwa nini hakuna aliyeifuata. Hajar alivaa glovu, akakitoa kifuko.

Kilikuwa cha bafta nyeupe, ukubwa wa ngumi ya mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na majani mabichi yaliyolainika kwa maji, kipande cha tangawizi na matumba matatu ya waridi kavu. Hivyo viwili vya mwisho ni vya kuzuia tumbo lisisokote. Mtu anayetaka kuua hajali tumbo la mtu kusokota. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umeshonwa kwa vitobo vidogo vilivyopangana sawasawa, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Hajar aliuangalia ule ushonaji kwa muda, kisha akakirudisha kifuko ndani ya nailoni na kutia saini kwenye daftari la muuguzi.

Saa nne na robo alikuwa sokoni Sib, kwenye duka la Ghaith, muuza dawa za asili ambaye baba yake aliuza dawa hizohizo palepale. Duka lilikuwa jembamba kiasi kwamba mteja mmoja akiingia, wa pili husubiri nje. Hajar alilitandaza jani moja juu ya karatasi nyeupe.

"Sanamaki?" alimuuliza kwa Kiarabu.

Ghaith hakuhitaji hata miwani. "Nani kakwambia hii sanamaki?"

"Nakuuliza wewe."

Mzee yule aliteremsha kopo, akatoa jani kavu la sanamaki, akalitia matone mawili ya maji ili lilegee, na kuliweka ubavuni mwa lile jingine. "Tazama mwanzo wa jani. Sanamaki pande zake hazilingani, moja imeshuka, nyingine imepanda. Hili lako limelingana. Pitisha kidole chini yake. Unaziona nywele? Laini, kama hariri. Sasa shika ncha, vuta."

Hajar alivuta. Jani halikukatika kwa kunyooka. Lilichanika kwa kufuata mishipa yake pande zote mbili, likaacha pembe kali kama kichwa cha mshale. Alivuta la pili, likafanya vilevile. Alipovuta la sanamaki, lilipasuka ovyo tu.

"Dhafra," Ghaith alisema. "Huko mabondeni unaota penye changarawe, mvua ikipita tu unatoa maua ya zambarau. Nao ni jamii ya kunde, ndiyo maana unafanana na sanamaki, jani kwa jani. Watu wabaya zamani walikuwa wakichanganya humu ili gunia lijae."

"Mmea huu unafanya kazi gani?"

"Kidonda. Unausaga, unanyunyiza, kinakauka. Mfupa ukivunjika, mama zetu walikuwa wakiukanda kwa huo. Lakini nje, binti yangu. Nje ndiyo, ndani hapana. Nina mbuzi wanakula maboksi, wanakula kamba, mmoja alikula kilemba changu. Dhafra wanaupita pembeni."

"Nani anauuza?"

"Nani anunue kitu kilichojaa kila bonde? Nenda Ansab hapo nyuma ya nyumba, utajaza gari."

Hajar alimwonyesha kwenye simu picha ya Hatem. Ghaith alimkumbuka: pakiti moja ya sanamaki, mwezi uliopita, ya mama yake, imefungwa kwa gundi ya dukani pale.

"Inawezekana mtu akaichuma dhafra akidhani ni sanamaki?"

"Mtu wa hapa? Hawezi."

"Wa hapa ni nani?"

"Aliyekulia hapa." Mzee alimtazama, akaisikia kama upya lafudhi yake ya Unguja, akakohoa. "Simaanishi wewe."

"Najua usichomaanisha," Hajar alisema, akakunja karatasi.

Alikaa garini na dirisha wazi, akayapanga. Paulina si wa hapa, lakini Paulina aliyaona majani akasema si sanamaki, maana dhafra ni ndugu wa utupa wa kwao. Aliyeyatia kwenye kifuko aliamini ni sanamaki, akayawekea tangawizi na waridi. Kwa hiyo ni mtu aliyeijua sanamaki ikiwa kavu kwenye pakiti maisha yake yote, ikitoka dukani, na hajawahi kuijua dhafra hata ikiwa imesimama mbele yake. Katika nyumba ile ya Mawaleh mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja. Iliyobaki ilikuwa kujua nani alimfikisha bondeni, na kwa nini mtu huyo hakusema.

*

Hatem alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, dishdasha, ile kanzu ya huku, imepigwa pasi ya kukata nyanya, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, cha kuzungumza na mama.

"Karibu, karibu ukhti. Wallah hatujalala nyumba hii. Mtu unamlisha, unamvisha, halafu yaani..."

"Sanamaki aliyokunywa mama ilitoka wapi, Bwana Hatem?"

"Si nlisema? Nimemnunulia mie Sib. Yule kaibadilisha."

"Nataka kuiona."

Jikoni kabati lilikuwa na mitungi ya bizari iliyopangwa kwa ukubwa, na nyuma ya mtungi wa hiliki ilikuwapo pakiti ya Ghaith. Hajar aliigeuza. Gundi ilikuwa palepale, haijaguswa.

"Haijafunguliwa," alisema.

Hatem aliiangalia pakiti kana kwamba ndiyo iliyomsaliti. "Labda nyengine. Labda kulikuwa na mbili."

"Ghaith kakuuzia moja."

"Basi sijui. Mambo ya jikoni mie siyajui."

"Haya. Twende juu."

Juu, penye kamba za nguo, ungo ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeoshwa mpaka umekuwa mweupe. Sakafu imepigwa maji. Paulina alikuwa rumande tangu jana asubuhi, na sakafu ilikuwa bado na unyevu pembeni.

"Nani kaosha?"

"Mke wangu, nafikiri. Ramadhani inakuja, kila mtu anasafisha."

"Mkeo yuko hospitali tangu jana anamlinda mama. Nimemwona asubuhi hii." Hajar alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa gari."

"Gari ya nini sasa?"

"Nipe, Bwana Hatem. Au nipige simu waje kuivuta, na majirani watoke kutazama."

Tishio la majirani ndilo lililofanya kazi. Alitoa ufunguo. Kiti cha mbele kilikuwa safi, kimefutwa. Kiti cha nyuma kilikuwa kimefutwa pia, lakini mwanamume anayesafisha gari kwa haraka hasogezi mkeka. Hajar aliuinua kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na changarawe kidogo, ua moja la zambarau lililosinyaa na ganda moja jembamba la mbegu, limepinda kidogo, refu kuliko kidole chake. La sanamaki huwa pana na bapa. Alilitia kwenye bahasha taratibu, akiwa ameuelekeza uso wake kwa Hatem muda wote.

"Jumatatu mlikuwa wapi?"

"Matangani. Ansab."

"Nani alikaa nyuma?"

Hatem alitazama upande wa geti.

"Bwana Hatem, saa saba kasoro hii. Saa nane kuna mtu anapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kutaka kuua. Nani alikaa nyuma?"

Alijishika kichwa. Maneno yalimtoka yote kwa mpigo, nusu Kiarabu, nusu Kiswahili. Wakati wa kurudi mama alimwambia simama, akashuka, akachuma mwenyewe fungu zima, anafurahi kama mtoto, anasema tazama nchi yetu, sanamaki inaota njiani, nyie mwanunua. Na yeye Hatem alikuwa kwenye simu. Hakutazama. Hospitali mama alipozinduka alimshika mkono akamwapisha: wakwe zako wasijue.

"Kwa nini?"

"Hujui kwa nini? Wewe si mwenzetu?" Sasa alikuwa na ghadhabu. "Miaka khamsini tupo hapa, bado wanatwita Zinjibari. Mama akikosea neno la Kiarabu wanacheka. Akipika, wanauliza nini hichi. Sasa wasikie kanywa dhafra! Mtoto wa kibedui wa miaka mitano anaijua dhafra! Wangecheka mpaka Idi ya mwakani."

"Mama alikuapisha unyamaze. Alikwambia umtaje Paulina?"

Hatem alijishughulisha na mkeka wa gari.

"Nakuuliza. Alikwambia?"

"Polisi waliuliza nani alipika. Nikasema ukweli, maji kachemsha yeye."

"Ukasema na kuhusu likizo. Ukasema na kuhusu sanduku. Ukapanda ukaosha ungo." Hajar aliifunga bahasha kwa gundi na kuandika saa juu yake. "Bibi yangu nae walimcheka, Bwana Hatem. Hakumtia mtu jela kwa ajili hiyo."

*

Saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimeanza. Chumbani kwa Bi Mwanakheri walijaa wakwe: mama wa mkewe Hatem, dada zake wawili, mdogo akiwa mjamzito, na mke mwenyewe wa Hatem pembeni, na chupa ya kahawa na sinia la tende juu ya meza ya dawa. Bibi aliketi kitandani, uso umemshuka lakini kilemba kimefungwa vizuri, na mikononi ana kofia nyeupe aliyokuwa akiitoboa kwa sindano na kuizungushia uzi. Hata wodini hakuacha kazi yake.

"Shikamoo bibi," Hajar alisema.

"Marahaba mwanangu. Nani wewe? Sauti yako ya kwetu."

Hajar alijitambulisha. Kisha, bila neno, alikiweka kile kifuko ndani ya nailoni yake juu ya shuka, ubavuni mwa kofia. Vitobo kwa vitobo, mkono ulikuwa mmoja.

Bi Mwanakheri alivitazama vyote viwili. Sindano ilisimama.

"Mwanangu," alinong'ona kwa Kiswahili, "watoke kwanza hawa."

"Ntawatoa ukitaka, bibi. Lakini kabla sijawatoa nambie: Paulina umemwona lini?"

"Paulina? Mie namuuliza kila siku. Hatem kanambia yumo nyumbani, anasafisha. Hata kuja kunitazama! Nimemkasirikia khasa."

"Paulina yumo rumande tangu jana asubuhi. Wanasema kakutilia sumu. Saa nane anapelekwa mashtaka, na sasa ni saa saba na dakika kumi."

Uso wa bibi, uliokuwa wa rangi ya majivu, ulipanda damu.

"Kakwambieni hayo nani?"

"Mwanao."

"Hatem?" Alilisema jina lile kama analijaribu mdomoni. "Mie nilimwambia anyamaze. Sikumwambia amuuze mtu." Alijaribu kushuka kitandani, mpira wa dripu ukavutika, mkewe Hatem akakimbilia kumshika. Bibi akausukuma mkono wake. "Niache! Yule msichana kanichukua mgongoni. Ngazi zote zile. Mie nnatapika juu ya kichwa chake na yeye ananambia bibi usilale, bibi usilale."

"Bibi, nahitaji useme kwa Kiarabu, nirikodi. Ntawatoa wageni kwanza."

Bi Mwanakheri aliwatazama wale wanawake watatu. Walikuwa wameshika vikombe vyao vya kahawa, hawaelewi lugha lakini wanaelewa kwamba kuna jambo. Hajar aliiona hofu ya bibi, ya kweli kabisa, hofu ya mtu wa miaka sabini na nne mbele ya kicheko.

"Wasitoke," bibi alisema.

Akasema kwa Kiarabu, kile Kiarabu chake chenye mawimbi ya Unguja, kwa sauti ya kufika kwenye korido. Akasema kwamba yeye, Mwanakheri, Jumatatu alichuma majani bondeni Ansab kwa mkono wake. Aliyachambua mwenyewe, akayashonea kifuko mwenyewe, akayanywa mwenyewe akidhani ni sanamaki. Mtumishi wake alimwonya na yeye akamtukana. Mtumishi huyohuyo ndiye aliyemwokoa.

Dada mdogo akaweka mkono mdomoni. "Dhafra?" alimuuliza mwenzake kwa chini. "Kanywa dhafra?" Na mabega yakaanza kumcheza.

"Ndiyo, dhafra!" Bi Mwanakheri alisema. "Cheka. Cheka uzuri, usijibane, mimba itaharibika. Mimi nimekuja nchi hii na watoto wawili na lugha sina, nikajifunza kila kitu chenu, wali wenu na misiba yenu. Jani moja limenishinda. Moja! Ninyi la kwetu mnalijua lipi?" Alimgeukia Hajar. "Andika, mwanangu. Na kama nimeruka neno, niulize, nitasema tena mbele yao."

Dada mdogo hakucheka tena. Mama mkwe alishusha kikombe chake, akasimama, akaja kumsawazishia bibi mto mgongoni, na Bi Mwanakheri akamwachia bila kumshukuru.

*

Saa nane kasoro ishirini Kapteni Badr alisikiliza rikodi mara mbili. Alitazama bahasha yenye ganda la mbegu, majani mawili yaliyochanika kwa pembe, pakiti yenye gundi, kifuko.

"Khalas," alisema. "Mwachie. Hatem amekwisha kuja kumchukua, yupo nje na gari. Nampa onyo la mdomo, tunafunga."

"Alitia saini maelezo ya uongo. Aliharibu ushahidi."

"Hajar. Mtu kamsitiri mama yake. Haya ni mambo ya nyumbani."

"Yamekuwa ya nyumbani saa ngapi? Asubuhi yalikuwa ya mwendesha mashtaka."

Badr alilifunga faili. "Mtumishi mwenyewe hatataka," alisema mwishowe. "Atataka kurudi kazini yaishe. Kamuulize."

"Namuuliza mbele yako," Hajar alisema, akaagiza aletwe.

Paulina aliingia akiwa na viatu mkononi, maana walimrudishia vitu vyake na hakutaka kupoteza muda wa kuvivaa. Hajar alimweleza yote kwa Kiswahili, pole pole, hakupunguza kitu: Ansab, ungo uliooshwa, Hatem.

"Bibi amesema mwenyewe?" Paulina aliuliza.

"Mwenyewe. Kwa Kiarabu. Mbele ya wakwe zake wote."

Hapo ndipo Paulina alipolia, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Alilia amesimama, viatu vimening'inia, kisha akafuta uso kwa kiganja mara moja tu na kumaliza.

"Sasa sikiliza," Hajar alisema. "Hatem yupo nje anakusubiri. Unaweza kwenda nae sasa hivi na mambo yakaisha. Au unaweza kumlalamikia, kwa kukusingizia. Ukimlalamikia, atakasirika. Yeye ndiye kafili wako, mdhamini wa kibali chako cha kukaa hapa, anaweza kujaribu kukurudisha kwenu. Mimi nitaandika kwamba unahitajika hapa kwa kesi, na nitalisimamia hilo. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

Badr hakuelewa maneno, lakini aliielewa sauti, akaanza kutafuta kitu kwenye droo.

"Bibi nitakwenda kumwona," Paulina alisema. "Kwa miguu yangu. Huyu wa nje ni mambo mengine." Alivuta kiti, kile cha wageni si kile cha watuhumiwa, akakaa na kuvaa viatu vyake, kimoja, cha pili. "Andika."

Hajar alichukua fomu mpya. "Jina la mlalamikaji?"

"Paulina Elia Msengi. Weka yote matatu."

Nje, honi ya gari ililia, fupi, ya mtu mwenye haraka. Ikalia tena.

"Mwambieni azime gari," Paulina alisema. "Tutachelewa."